Mizani ya Mnadani

Mizani ya zahanati iliishia kilo mia na hamsini, na Felistas aliipita. Daktari wa Mwanza alitaka uzito kamili ndipo ampangie siku ya operesheni ya kupunguza tumbo. Mwenyewe alikuwa bado anasitasita. Mumewe alishamwambia, "Ukikonda, watu watasema nakunyima chakula."

Asubuhi ile akaenda mnadani Kisaka, akapanda kwenye mizani ya ng'ombe, ameshika vyuma vilivyoganda kinyesi.

"Simama katikati, mama," mzee mpimaji alisema kwa upole, macho yake chini. Mshale ukatulia. "Mia na tisini na nane."

Kisha mkono wake, uliozoea kuandika ng'ombe uzito wao kwa miaka thelathini, ukachovya brashi kwenye rangi na kumwandika namba hiyo mgongoni.

Wote wawili wakashtuka.

"Nisamehe, mama! Nisamehe!" Akawa anatafuta kitambaa.

"Acha, baba."

Felistas alitoa simu, akampigia daktari, akamtajia kilo zake.

"Una uhakika na hiyo namba?" daktari aliuliza.

Rangi ilikuwa ya baridi, inapenya gauni taratibu kufikia ngozi.

"Nimeandikwa, daktari. Nipangie siku."