Jikoni kwa Sajini Malongo

Sajini Malongo alistaafu jeshi akiwa na nishani kifuani. Majirani walimpokea kwa vigelegele, wakaisifu nyumba aliyoijenga kwa mshahara wa jeshi na watoto aliowasomesha wote.

Walipotawanyika, binti yake Felista akamkalisha kwenye kochi la wageni. "Baba, chai yako niweke sukari?"

Swali hilo la kuulizwa mgeni lilimchoma. Alipopelekwa mpakani mara ya kwanza, Felista alikuwa anatambaa. Sasa alikuwa mama wa watu.

"Kaa, mwanangu. Nitapika mwenyewe."

Akainuka, akafungua mlango aliodhani ni wa jikoni, akajikuta ametumbukia stoo, katikati ya magunia ya mkaa. Felista hakucheka.

"Jikoni ni huku, baba. Tulihamisha jiko mama alipoanza kuumwa, asipate shida kutembea."

Sajini alishika fremu ya mlango. Mkewe alizikwa yeye akiwa kwenye operesheni, na ruhusa ilipotoka, matanga yalikuwa yameshaanuliwa.

"Aliniulizia?"

"Kila siku. Tulimwambia uko njiani."

Alimfuata bintiye hadi jikoni, akasimama wima, mikono ubavuni, kama kuruta siku ya kwanza kambini.

"Nionyeshe vitu vinakaa wapi," alisema.

Felista akafungua kabati, akatoa vikombe kimoja kimoja, akaanza kumwambia kila kimoja ni cha nani.