Ale Kwanza

"Mama wee, ungeyaona yale mawimbi! Yanasimama kama nyumba! Na watu wanayapanda, mama, wima juu ya ubao, kama mtu amesimama mlangoni kwake!"

Tadea hata begi hakuwa ametua. Yuko uani, vumbi la barabara ya Mbinga limemjaa mpaka kwenye kope, mdomo unakwenda kama cherehani.

Mama yake, Kunigunda, akampokea mzigo. "Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo mama! Ngoja nikwambie..."

"Marahaba. Utaniambia. Ule kwanza, uoge, ulale."

Alijitahidi kusema kwa sauti ya kawaida. Bibi Albina, aliyemlea Tadea tangu mchanga, alikuwa amezikwa Jumatatu, kule nyuma ya mibuni. Leo Alhamisi. Na kwao huko milimani, aliyetoka safari haambiwi msiba akiwa na njaa na uchovu. Anapewa chakula, anachemshiwa maji ya kuoga, analazwa. Kesho yake, majirani wamejaa, ndipo anaambiwa, ili akianguka wawepo wa kumdaka.

Kwa hiyo Kunigunda alipomwona binti anashuka kwenye lori kule barabarani, alifagia haraka majivu ya moto wa msiba, akavua kitambaa cha kichwani, akang'oa betri kwenye redio. Tangazo la kifo lilishasomwa jana, lingeweza kurudiwa.

Mtoto anacheka, basi hajasikia. Tena, Mungu mkubwa, hakuuliza bibi yuko wapi. Siku zote huanzia chumbani kwa bibi kabla ya kumsalimu mtu yeyote.

"Redio mmewasha leo?" Tadea akauliza ghafla.

"Betri zimekwisha."

"Afadhali! Nisikilizwe mimi."

Akamfuata mama jikoni, akaketi kwenye kigoda, akaendelea. Habari zilikuwa za Lipingo, ufukweni kwa kaka yake Kilian. Tangu hili soko huria lianze, Kilian alikuwa ameacha kahawa, akajenga vibanda vya wageni kando ya ziwa.

"Wazungu wanavuka kutoka Malawi, mama, kuja kupanda mawimbi tu. Kutwa nzima majini!"

"Hawana mashamba kwao?"

"Wana likizo! Na mimi nimewaandikia kibao cha usalama, si ndiyo mambo ninayosomea chuoni? Sikiliza. Septemba na Oktoba ziwa limetulia, hata wewe utaoga."

"Labda mnisukume."

"Mvua zikianza, usisogelee pale mto unapoingilia. Maji yanachafuka, mamba humwoni. Halafu Mei mpaka Agosti, upepo wa kusini. Hapo ndipo mawimbi yenyewe, na hapo ndipo pa kuogopa. Ukiona wavuvi wamevuta mitumbwi mpaka juu kwenye nyasi, usiingie, hata uwe bingwa."

"Si ndiyo sasa hivi, Julai? Na mtu akiingia?"

Tadea akazisukuma kuni ndani ya moto. "Kilian ana filimbi. Iko shingoni, haivui hata akilala. Mgeni akienda mbali, anapuliza. Asiposikia, anamfuata."

"Anamfuata? Kwenye nyumba hizo za maji?"

"Ungemwona juzi Jumanne, mama! Mzungu alitoka mzima kabisa, anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa!" Akacheka, cheko refu mno, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Na Kilian mwenyewe mbona hukuja naye?"

"Anakuja kesho asubuhi. Wameshapata lori."

Kunigunda akashusha pumzi. Vizuri. Wataambiwa pamoja, yeye na kaka yake, washikane. Kitu kimoja tu kilimshangaza: mtoto katoka ziwani mikono mitupu, hata dagaa wa kuonja hana.

Ugali ulipoiva, Tadea ndiye aliyesogeza sahani. "Kula, mama."

"Msafiri ni wewe."

"Nataka tule wote. Tonge gani hilo, la kifaranga? Ongeza."

Kunigunda hakuwa amekula sawasawa tangu Jumatatu. Akala, kumridhisha. Binti mwenyewe alikuwa anamega, anachovya, anarudisha.

Wakiwa hapo, jirani yao Ottilia akaingia na mzigo wa kuni, akautua kando ya ua. Nyuma yake Restituta na ndoo ya maji kichwani. Wakamsalimu Kunigunda bila kumtazama machoni. Akawashukuru kimoyomoyo. Wanajiandaa kwa ajili ya kesho, na siri wameitunza.

"Nilipitia kwao kidogo nilipokuwa nakuja," Tadea alisema walipotoka, kama mtu anayejisemea.

Jua lilikuwa linaegemea mlima. Kunigunda akanawa mikono, akainuka. "Ngoja nikuchemshie maji ya kuoga."

"Yameshachemka."

Kweli, sufuria kubwa ilikuwa inatoa mvuke kwenye mafiga. Tadea akayapooza kwenye ndoo, akayapima kwa kiwiko, akayapeleka bafuni nyuma ya nyumba, akatundika khanga safi ukutani. Kisha akarudi, akamshika mama yake mkono.

"Twende, yasipoe."

"Tadea, mimi sijatoka safari."

Binti akainama kumsogezea mama kandambili, na kutoka ndani ya kola ya blauzi ikaponyoka kamba, ikaning'inia, mwisho wake filimbi.

"Kaoge, mama," alisema. Hakuwa anacheka tena. "Halafu ulale. Mengine nitakusimulia kesho."