Upande Uliobaki

Siku matanga yalipoanuliwa, Mwasiti alichukua chanuo akamkalisha bintiye, Hidaya, katikati ya magoti yake. Kichwa cha mtoto kilikuwa nusu kimesukwa, nusu timutimu, vilevile bibi yake alivyokiacha siku alipopelekwa hospitali. Hidaya alikuwa amekataa katakata kusukwa na mtu mwingine.

“Atarudi akumalizie,” Mwasiti alimwambia wakati ule, ilhali daktari alishakata tamaa. Na kila bibi alipomwulizia mjukuu wake, Mwasiti alijibu, “Yuko shule.”

“Mama, ulijua hatarudi?” Hidaya aliuliza bila kugeuka.

“Nilijua, mwanangu.”

“Si ungenipeleka? Ningemwinamia palepale kitandani, akanimalizia.”

Mwasiti aliushika msuko wa mwisho, ule ulioishia katikati. Vidole vikamgomea.