Nyaya Mbili za Dishi

Krii, krii, krii. Dishi la redio lilikuwa likigeuka juu ya paa, na Zamda akajua kwamba fundi wake, Shomvi, amelielekeza tena kwenye nyota ya kupimia, ile inayotumika kuhakiki kama dishi linasoma sawasawa.

"Mara ya tano leo! Lirudishe kwenye shimo jeusi!"

"Njoo utazame kwanza, dada. Kila mtu anajua mawimbi ya nyota hii yanalalia kulia. Sisi tunayaona yamelalia kushoto."

Zamda alipanda ngazi huku akisonya. Miezi minane alikuwa amepima jinsi gesi inayolizunguka shimo lile inavyoyapinda mawimbi ya redio. Kesho angewatangazia wageni waliokuwa wakija kusikia matokeo yake kwamba inayapinda kushoto, kinyume cha walivyosema watafiti wengine wote.

Shomvi alimwonyesha nyaya mbili za dishi, wa mawimbi ya wima na wa mawimbi ya mlalo. Kila mmoja ulikuwa umechomekwa mahali pa mwenzake, ndiyo maana kulia kulisomeka kushoto.

"Mpumbavu gani kachomeka hivi?"

"Siku ile tulipolifunga dishi ulininyang'anya bisibisi, dada. Ulisema nachelewa, ukafunga mwenyewe."

Zamda alizichomoa, akasimama ameshika waya mmoja kila mkono, vumbi la dishi likimwangukia usoni.

"Kesho nitawaambia wote," alisema, "kosa ni langu, na aliyeliona ni wewe."