Chupa Isiyotikiswa

Zamda alimtambua kwa sauti. Mzee Kupaza ndiye aliyeapa mahakamani kwamba hakumwona aliyempiga kaka yake Zamda hadi kufa, ilhali alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka hapo. Leo ameketi kliniki ya macho, ukungu umemfunika macho, hajui kwamba muuguzi anayemhudumia ni Zamda.

Ndani ya chupa ya dawa mlikuwa na vifuko vidogo mno, visivyoonekana, vya kuiachia dawa jichoni taratibu kwa wiki nzima. Vilikuwa vimetuama chini. Kama Zamda asingeitikisa chupa, mzee angepata maji matupu, na hakuna ambaye angejua.

“Nitaona tena, mwanangu?”

Zamda aliitazama chupa. Kisha akaitikisa mpaka mkono ukamuuma.

“Utaona, baba. Nitahakikisha mwenyewe.”

Akamdondoshea tone moja kila jicho, akambana pembe za macho karibu na pua kwa vidole ili dawa isitorokee kooni.

Mzee alipoondoka, Zamda aliuendea ubao wa herufi za kupimia macho ukutani, akafunika herufi kubwa ya juu kwa picha ya kaka yake. Wiki ijayo mzee angerudi kupimwa, na angeambiwa aanze kusoma kutoka juu.