Kofia ya Mtoto wa Zawena

Katika lile duka la nyuzi za kufumia, kila mfanyakazi aliyekaribia kujifungua alifumiwa kofia na mwenye duka, Bi Shamsa. Sasa alikuwa akifuma ya mtoto wa Zawena.

"Mama," Zawena alisema, mkono tumboni, "mimi na wenzangu tumejiunga na chama cha wafanyakazi."

Sindano zilisimama. "Kwani nimewakosea nini, mwanangu?"

"Hujatukosea. Ila likizo ya uzazi tunataka iwe haki yetu, tusiwe tunaiomba."

Bi Shamsa akachomoa sindano, akaanza kuifumua kofia. Zawena akalengwalengwa na machozi.

"Nimeifuma ndogo," Bi Shamsa alisema polepole. "Kichwa cha baba yake nakijua."

Uzi ulizidi kurundikana sakafuni. Zawena akainama kwa taabu, akashika ncha, akaanza kuuviringisha.