Miiba ya Kisimani

Kithyoko nzima hakuna anayewajua nyani kama mimi. Ni kweli waliniibia mahindi, sufuria na hata leso, lakini kuwajua nawajua.

Mwaka ule wa ukame, kila asubuhi tulikuta miiba tuliyofunikia kisima chetu cha kuchimba kwenye mchanga wa mto mkavu imeondolewa na maji yamepungua.

"Ni nyani," nikamwambia mwanangu Musili.

Akanunua sumu. Ila kwanza, ili ajue wanapitia wapi, akatega kamera aliyojiundia: kamera ya video kuukuu ndani ya mkebe wa rangi, na kifaa cha kuhisi mwendo cha king'ora cha wezi cha kuiwasha mnyama akisogea.

Jumapili, baada ya kanisa, tukawasha televisheni kwa betri ya gari tuone kilichonaswa. Kwenye kioo kulikuwa kunapambazuka; paa mmoja alisimama kando ya kisima, mbavu nje, akingoja.

Mkono ukaingia kwenye picha, ukainua miiba polepole. Kidole kimoja kilifungwa kitambaa cha buluu.

Musili akageuka, akakitazama kidole changu.

"Mwaitu, mama yangu, ulisema ulikatwa na nini?"

"Kisu, mwanangu," nikajibu, nikiuficha mkono chini ya leso, mwiba ukinichoma bado.